Mafuta ya Alizeti Wodini

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, vuta kiti, hujachelewa. Balaa lenyewe ndiyo kwanza linaanza kunoga.

Kwa kifupi: mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kukereza vyuma. Nafunga kipande kwenye mashine, kinazunguka, nakisogezea kisu, kinatoka kimepata umbo. Kisu kikikata chuma kinapata moto, kwa hiyo lazima umwage kitu cha kukipoza. Miaka yote sisi tulimwaga yale maji meupe ya dukani, tunayaita maziwa. Hayo maziwa ndiyo yaliyonila mikono. Ngozi ikapasuka, vidole vikavimba, nikawa siwezi hata kufunga kifungo cha gauni. Daktari akasema niache hayo maji au niache kazi.

Kazi siachi. Ndipo nikaja na wazo langu: mafuta ya alizeti. Ya kupikia, kwenye dumu la njano, kama uliyonayo jikoni kwako. Nikamwambia mwenye karakana, ambaye ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akajaribu, na kipande kikatoka kinang'aa kuliko vyote vya maziwa. Mikono yangu ikapona. Wiki hiyohiyo mjomba akaanza kuwatambia wateja kwamba wazo lilikuwa lake.

Mnaonifuata mnajua yaliyokuja nyuma yake. Panya waliohamia kwenye mashine. Jirani aliyeingia na sahani akiuliza tunakaanga nini. Mafuta yaliyoganda kwenye reli za mashine yakawa gundi, nikashinda nakwangua kwa kisu cha mezani. Yote hayo, wapendwa, yalikuwa utani.

Wiki iliyopita niliishia pale mama alipolazwa. Mapafu yamejaa maji, anahema kwa mtungi wa oksijeni. Na fundi wa vifaa wa hospitali akaja karakana na shida yake: mitungi ya zamani inakaribia kwisha, mipya imeletwa, lakini midomo yake haikubali geji za hospitali. Geji ni kile kisaa chenye mshale kinachofungwa mdomoni mwa mtungi ili gesi imfikie mgonjwa taratibu. Kilitakiwa kitu cha kuunganisha mdomo mpya na geji ya zamani. Adapta za shaba.

"Mama yako mwenyewe yuko wodi ile," aliniambia. "Ukizikereza wewe nitalala."

Nilizikereza kwa moyo wote. Sijawahi kukata nyuzi, ile mistari ya skrubu ya kufungia, safi kama zile. Nilipomaliza nilichovya kidole kwenye dumu la alizeti nikapaka kila adapta, nje na ndani, ili ziingie laini zisije zikamsumbua nesi. Kazi ninayoipenda huwa naimalizia hivyo.

Hapo ndipo tulipofika.

Asubuhi ile fundi wa hospitali aliingia na begi lake mgongoni, anapiga mluzi. Nikampa adapta mbili zilizokuwa juu ya meza. Akaishika moja, akaigeuza, akasifu nyuzi. Kisha akasugua kidole na kidole.

Mluzi ukakatika.

Akanusa kidole. Akanitazama. Akanusa tena.

"Dada, hizi umekatia nini?"

"Alizeti," nikasema, na nilisema kwa maringo, Mungu anisamehe. "Tumeacha yale maziwa. Si umeona zinavyong'aa?"

"Na mmeziosha?"

"Ya nini kuosha? Nimezifuta na kitambaa. Halafu nikazipaka kidogo kwenye nyuzi, zisikwame."

Fundi akatafuta pa kukaa. Akaiona ndoo iliyofunikwa, akakaa hapo, adapta mkononi, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Kila nilipokuja hapa," akasema, "nilikuona kitu kikitoka mashineni unakitumbukiza kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya unga. Kila kitu. Ndiyo maana nilileta kazi kwenu na sikuona haja ya kusema neno."

"Hiyo ilikuwa enzi ya maziwa. Maziwa yananuka, yanawasha mikono ya wateja, ilibidi tuoshe. Haya ni ya kula. Mjomba alisema kuosha kitu kilichopakwa chakula ni kupoteza sabuni."

"Sikiliza vizuri," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Oksijeni ikitoka mtungini inatoka kwa nguvu. Ikikuta mafuta mbele yake, haihitaji kiberiti. Inayawasha yenyewe. Na moto unaolishwa oksijeni unakula hiyo shaba kama karatasi. Aliyeshika mtungi, na mgonjwa aliye karibu yake, na mrija ulio puani mwake…"

Akapangusa kidole kwenye suruali. Nilishukuru kwamba hakumalizia.

"Hata mafuta ya kupikia?"

"Mafuta ni mafuta, dada. Oksijeni haiulizi yametoka jikoni kwa nani."

Mchomeleaji yeyote wa gesi angeyajua hayo. Sisi tunachomelea kwa umeme. Mtungi wa oksijeni nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, kando ya kitanda cha mama.

"Haya, hatujaharibikiwa," fundi akasema, akasimama, akafungua begi. "Nitaitafuta dawa yake niende kuziosha mwenyewe kabla hazijafungwa. Nipe zote."

Nikaangalia mlangoni.

"Nyingine ziko wapi?"

"Mjomba amezipeleka wodini."

"Nani amemtuma?"

"Hajatumwa na mtu. Alitaka dada yake amwone akizileta. Amevaa shati la pasi, amezifunga kwenye leso."

Fundi hakunitukana. Alichofanya ni kunyoosha mkono na kusema: simu.

Mjomba alipokea kwa furaha zote.

"Mpwa wangu. Hapa napewa kiti. Madaktari wananiita mzee."

"Mjomba, umeshafunga adapta?"

"Moja. Imeingia kama imezaliwa pale. Mtungi wa mama yako unaelekea kwisha, tunangoja uishe kabisa tuhamishe geji kwenye huu mpya. Nitafungua mwenyewe, nimeshamwambia nesi."

"Usifungue. Mjomba, nisikilize. Ule mtungi usiguswe. Fundi anasema yale mafuta yanalipuka."

Nikasikia kiti kinalia. Kisha nikamsikia anacheka.

"Alizeti ilipuke? Mimi nakaangia mayai kila siku na nyusi zangu ninazo. Mwambie huyo kijana kama anaona wivu kwa kazi nzuri, aseme tu. Nesi hataki simu humu. Tutaonana."

Akakata. Nilipopiga tena, alikuwa ameizima. Fundi naye akapiga simu ya wodini, ikalia bila kupokewa.

Tukapanda pikipiki ya fundi. Nimewaahidi ukweli tangu toleo la kwanza, basi nao ni huu: njia nzima sikumuwaza mama. Niliwaza nitajiteteaje. Nilitunga maneno. Nitasema hakuna aliyeniambia. Nitasema mjomba ndiye aliyekataza kuosha. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, nimeshika mkanda wa mwanamume nisiyemjua vizuri, mama yangu yuko kwenye hatari ya moto, na mimi natafuta wa kumbebesha. Ndivyo nilivyo. Aibu ilikuja baadaye, ilipokuja ilikuja yote.

Wodini tuliingia bila kubisha. Mtungi wa zamani uko upande huu wa kitanda, mpya upande ule, adapta yangu inang'aa mdomoni mwake. Mjomba ameshika spana. Nesi ameinama anasoma geji.

"Asiguse mtu," fundi akasema.

Mjomba akageuka taratibu, na uso wa mtu aliyekatishwa hotuba.

"Kijana, kwanza salamu."

"Shikamoo, mzee. Weka spana chini."

"Hii adapta imekerezwa na binti yetu kwa ajili ya mama yake mzazi. Unataka kuniambia ana nia ya kumdhuru?"

"Sijasema nia. Nimesema mafuta."

Fundi hakubishana zaidi. Alimpita, akaifungua ile adapta kwa mikono miwili, polepole, akaomba kipande cha shashi ya kufungia vidonda. Akakizungusha kwenye kidole, akakiingiza kwenye mdomo wa mtungi, akakitoa. Shashi iliingia nyeupe, ikatoka ya njano inang'aa.

Akamwonyesha mjomba.

Mimi mjomba wangu namjua. Ana jibu la kila jambo, na lisipokuwepo analitunga. Siku ile aliitazama ile shashi, akaitazama tena, akakaa kwenye kile kiti alichokuwa anajivunia. Spana ikamponyoka. Hakuiokota.

"Nimembebea dada yangu kwenye leso," akasema. "Nimefunga na fundo."

Mama alikuwa anatusikia. Alivuta barakoa pembeni kidogo, macho yake kwangu.

"Mbona unanuka jikoni? Umepika?"

"Hapana, mama. Ni kazini."

"Nilidhani umeniletea kitu."

Nesi akamrudishia barakoa usoni. Kisha akanivuta kando, na alichosema alikisema haraka.

"Mshale umelala. Huu wa zamani umebakiza pumzi chache."

"Si kuna mingine ya zamani?" fundi akauliza.

"Mmoja tu, uko chumba cha upasuaji, na kuna mtu mezani amepasuliwa tumbo. Siwezi kuuchukua."

"Na mipya?"

"Imejaa stoo. Ila bila adapta ni vyuma tu."

Mnaona tulipofika. Kitu pekee cha kumpa mama pumzi ni adapta yangu. Na kitu cha kumuua ni hiyohiyo.

"Basi tunaosha," nikasema. Nilishangaa kujisikia, maana sauti ilitoka imetulia. "Leta mtungi mwingine ambao haujaguswa, na hizi tuzioshe hapahapa."

Nesi akaleta spiriti. Fundi akatikisa kichwa.

"Hiyo nayo inawaka. Maji ya moto na sabuni, basi."

Birika lilikuwa chumba cha manesi. Sabuni ya unga tuliipata kwa mfagizi, mswaki tukapewa na bibi wa kitanda cha jirani, ulikuwa bado kwenye pakiti yake. Nikachagua adapta moja katika zile za kwenye leso, nikainamia sinki. Nilisugua kila uzi. Nilisugua ndani ya tundu mpaka manyoya ya mswaki yakalala. Maji yalikuwa ya kuunguza na mikono yangu, ile iliyokuwa imepona, ikaanza kuwasha upya. Acha iwashe. Nilimwaga, nikachukua mengine, nikarudia. Maji ya kwanza yalitoka na macho ya mafuta juu yake. Ya pili yalikuwa na machache. Ya tatu niliyatazama kwenye mwanga wa dirisha sikuona kitu.

Fundi akapitisha shashi. Ikatoka nyeupe.

"Imetakata?"

"Kwa nje naona. Kule kwenye kona ya ndani, ambapo nyuzi zinakutana na tundu, shashi haifiki. Karakana ningeiloweka, ningeipuliza, ningeiacha ikauke. Hapa siwezi kukuapia."

"Kiasi gani kinatosha kuwaka?"

"Kidogo sana."

Mimi ndiye niliyepaka kile kidogo. Kwa kidole hiki.

Walinzi wakaviringisha mtungi mpya kutoka stoo. Fundi akasema usiingizwe wodini. Utafungwa na kufunguliwa kwanza uani, nyuma ya ukuta wa mahali pa kufulia, pasipo na mtu. Ukipumua salama unakuja ndani. Usipopumua salama, basi angalau utakuwa mbali na vitanda.

"Lakini geji ni moja, nyingine iko upasuaji," nikasema.

"Geji ni moja. Lazima itoke kwa mama yako ije huku."

Nesi akamwinua mama, akampangia mito mgongoni. Akaniambia mama atahema kwa nguvu zake mwenyewe mpaka turudi, na kwamba nguvu hizo hazijulikani zipo kiasi gani. Mama alinishika kiwiko wakati fundi anafungua geji.

"Mnaniondolea?"

"Tunakubadilishia, mama. Tunarudi sasa hivi."

"Wewe uongo hujawahi kuuweza," akasema.

Nilitoka mbio na geji ikiwa imefungwa kwenye shashi safi. Uani fundi akafunga adapta, akafunga geji juu yake, akakaza. Akafuta mikono. Kisha akasimama, na sote wawili tukaiangalia ile koki ya mtungi, kigurudumu kidogo tu, ukubwa wa kitasa cha mlango.

"Nafungua mimi," fundi akasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Una watoto," nikamwambia. Nilikuwa nimeiona picha yao imebandikwa kwenye tangi la pikipiki. "Mafuta nilipaka mimi. Sogea."

"Dada, hujui kuufungua. Unafunguliwa polepole kuliko unavyodhani. Unasimama pembeni, hukai mbele ya geji. Ukiharakisha, ile nguvu inayogonga mwanzo ndiyo inayowasha."

"Si umeshanifundisha. Sogea."

Mjomba alikuwa ametufuata kimyakimya. Shati lake la pasi lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mnabishana na dada yangu hana hewa," akasema. "Mpwa, umesahau shashi ya kufutia. Kaichukue pale dirishani. Na wewe kijana, kamwambie nesi aachie mlango wazi, mtungi ukiwa tayari usikwame."

Yalikuwa maneno ya mtu mzima mwenye busara, na sisi tumelelewa kutii. Tukatoka getini, mimi kushoto, fundi kulia. Nikasikia geti la uani linagonga chuma kwa chuma. Nikageuka. Mjomba alikuwa ndani, ametia komeo, na sisi tuko nje.

"Fungua, mjomba."

"Ninyi mna mikono ya kazi," akasema kupitia nondo za geti. "Mimi nina mdomo tu. Mdomo ndio uliosema kuosha ni kupoteza sabuni. Mdomo ndio uliojitia kuzileta huku."

"Mzee, simama pembeni," fundi akaita. "Si mbele ya geji, pembeni. Na polepole. Polepole kabisa."

"Nimesikia, mwanangu."

Lilikuwa neno la upole kuliko yote aliyowahi kumwambia. Akasogea pembeni kama alivyoelekezwa. Akatupa mgongo, labda ili nisimwone uso. Nikaona mkono wake unashika koki.

"Mshale ukicheza tu, uache hapohapo," fundi akasema.

Ukacheza. Nikasikia gesi inaanza kupita, sauti nyembamba ya mtu anayevuta hewa kwenye meno. Nikahesabu, sijui nilikuwa nahesabu nini. Sauti ikaendelea. Mjomba hakutikisika. Nikaanza kulia kwa furaha, nawaambia, nikaanza kabisa kulia, na fundi naye akashusha mabega.

Kisha ile sauti ikabadilika. Ikapanda, ikawa kali, na chini yake kukawa na mlio mwingine kama mafuta yanapoanza kuchemka kwenye kikaango.

"Hiyo siyo gesi," fundi akasema. "Mzee, funga. Funga utoke."

Mjomba hakufunga. Aliuinamia mtungi kana kwamba hajasikia vizuri, mkono bado kwenye koki.

Fundi akanishika shingo akanisukuma chini ya ukuta, uso wangu kwenye changarawe. Kule nyuma yetu dirisha la wodi likafunguliwa, na nesi akaanza kuita kwamba mtungi uletwe, uletwe sasa hivi, mama amekuwa wa bluu midomoni.